Mkaa Usio na Moshi

Malukhu, Mbale
Ijumaa, alasiri

Sauda mwanangu,

Mama yako anakunja nguo zako kwa mara ya tatu tangu asubuhi. Anazikunja, anazipanga sandukuni, anazitoa, anaanza upya, na hasemi na mtu. Usidhani wewe ndiye uliyemkosea. Sababu naijua na nitakwambia, ila niache nifike huko kwa miguu yangu mwenyewe.

Mambo ya kumeza dawa ya malaria, ya kufunga sanduku kwa kamba na ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi utayasikia kutoka kwake. Mimi nimezima moto wa karakana, nimekaa juu ya pipa la kabaidi ya kutoa gesi, nimeshika kalamu. Mikono hii imezoea bomba la kuchomelea, kwa hiyo mwandiko uuvumilie. Mlango nimeuacha wazi, na vumbi lote la Malukhu linaingia.

Nina furaha mpaka nimekuwa kero. Jana alikuja mtu na baiskeli iliyokatika fremu, nikamweleza, bila yeye kuniuliza, kwamba binti yangu anakwenda Jinja kujifunza kazi kwenye kiwanda cha gesi, tena kwenye chumba cha kupimia oksijeni. Akauliza kama oksijeni inapimwa kwa kilo au kwa lita. Nikamwambia angoje Sauda arudi likizo, atampima na yeye. Akachukua baiskeli yake akaenda zake haraka, hata sikuwa nimemaliza kuipiga msasa.

Kiwanda chenyewe ni kile kile, Sauda. Wenyewe wamerudi, wamebadilisha mashine na kupaka ukuta rangi, lakini mahali ni pale pale nilipoingia nikiwa mdogo kuliko ulivyo leo, nikibeba mitungi begani. Walikijenga Kalasinga, na fundi mkuu alikuwa mzee wao, Bwana Gurdial. Kilemba cheupe, ndevu zimefungwa kwa wavu, viatu vinang'aa hata siku ya matope. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba hewa ni kitu. Mimi nilidhani hewa ni nafasi inayobaki baada ya vitu vyote kuwekwa mahali pake.

Siku moja alinivuta mkono akanipeleka kwenye ile mashine kubwa. Inavuta hewa ya kawaida, hii hii inayotoka ziwani na harufu ya samaki wa Masese, gati la wavuvi la hapo Jinja. Inaichuja vumbi, inaikausha, inaibana mpaka inapata joto, inaipoza, halafu inaiachia ghafla ipite kwenye tundu jembamba. Ikiachiwa inapoa. Inarudishwa, inabanwa tena, inaachiwa tena, inazidi kupoa, mpaka hewa inachoka kuwa hewa na inaanza kudondoka. Inadondoka, Sauda, kama maji ya bomba bovu! Alinikingia kidogo kwenye chupa yenye kuta mbili. Naitrojeni, ambayo ni karibu sehemu nne kati ya tano za hewa yote, ndiyo isiyovumilia, kwa hiyo ikachemka kwanza na kukimbia. Iliyobaki chini ilikuwa oksijeni, na ilikuwa ya buluu. Buluu hafifu, kama sare yako ya shule baada ya kufuliwa miaka mitatu. Nilimuuliza ni nani aliyetia rangi. Alicheka mpaka kilemba kikasogea.

Kisha akawasha kijiti, akakizima kikabaki na kaa dogo jekundu kwenye ncha, akakiingiza ndani ya chupa nyingine yenye gesi ile tupu. Kijiti kikawaka tena chenyewe, mwanga mweupe, nikaruka nyuma nikamkanyaga mwenzangu. Bwana Gurdial hakucheka safari hii.

"Hii kwisha ona," alisema. "Sasa sikia. Moto kikosa hewa, hapana kufa haraka. Kwanza nageuka mwizi."

Sikumwelewa. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa vizuri sana, kwa sababu wenzangu walikuwa wananitazama na sikutaka kuonekana mshamba wa kutoka milimani. Nilijiambia nitamuuliza siku nyingine. Kisha Wahindi wakafukuzwa nchini, mzee akaondoka na sanduku moja, na hiyo siku nyingine haikuja. Sisi tuliobaki tukaendesha mashine kwa kukumbuka alivyokuwa akifanya. Watu wakaanza kuniita Bwana Gesi. Nililipenda jina hilo kupita kiasi. Nilikuwa nageuka hata anapoitwa mwingine.

Wewe hukunifuata mimi kwa kuitikia bila kuelewa. Unakumbuka siku ulipochukua nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ukaenda kuzipima kwenye ile mizani ndogo ya iliki dukani kwa baba yako mkubwa? Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ukazichoma juu ya bati hapa karakana, zikawaka cheche bila ndimi, ukakusanya majivu yote mpaka chembe ya mwisho, ukarudi kupima. Ulikuja mbio umepoteza kiatu kimoja, ukasema mizani ya baba mkubwa imeharibika, kwa sababu kitu kilichoungua kimezidi uzito. Nikakwambia mizani ni nzima. Moto umechukua kitu kutoka kwenye hewa na kukishikiza kwenye chuma, na sasa umekipima. Ulikaa chini pale pale. Halafu ukaanza kucheka, nami nikacheka, na tukachoma nyuzi zote za mama yako, na jioni sote wawili tukasugua sufuria kwa mchanga.

Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyofunga ndoa, usimwambie mtu. Lakini niliogopa pia. Nilijua kwamba mtoto anayepima majivu, siku moja atafika kwenye jambo langu.

Ukafika. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, umetoka shule na daftari la kemia kwapani. Nilikuwa nachomelea geti. Ukangoja nivue miwani.

"Baba, siku ile ya mukene, mlango ulikuwa wazi?"

Nikasema, "Ulikuwa wazi."

Uliandika kitu kwenye daftari, ukakitazama, ukakifuta. Hukuniuliza tena. Nimekuwa nikiiona kalamu yako ikifuta kwa miaka mitatu sasa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Habari ya siku ile umeisikia mara mia, lakini umeisikia ilivyopinda. Sikiliza sasa.

Ulikuwa na miaka mitano. Serikali ya kijeshi ilikuwa inaanguka, kiwanda cha Jinja kilikuwa kimesimama, na sisi tulikuwa tumekuja hapa Mbale kwa kaka yangu tukidhani vita havitafika. Jaja yako, mama wa mama yako, alikuja nasi kutoka Masese na kikapu cha mukene, wale dagaa wa ziwani, aliowaanika mwenyewe. Askari waliokuwa wakirudi nyuma wakaanza kupita mjini na kuvunja maduka. Kaka yangu alichukua familia yake wakapanda milimani kwa ndugu. Mimi nikasema tutabaki tulinde duka lake. Hilo nalo lilikuwa jeuri, lakini tuliweke kando, makosa ni mengi na karatasi ni chache.

Tukajificha stoo nyuma ya duka, chumba cha magunia chenye dirisha dogo moja. Jaja yako hakuingia. Mila yetu unaijua, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawagusani, hata macho hukwepana. Yeye akakaa mbele, barazani, akichambua maharage, ili anayepita aone ajuza tu na duka lisilo na kitu. Tena ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu yeye hufunga.

Mchana ulilia njaa. Kuni zingetoa moshi, na moshi juu ya paa ungewaita wale watu. Mimi, Bwana Gesi, nikatoa hukumu: tupike humu humu kwa sigiri, mkaa hauna moshi. Mama yako akauliza kama tufungue dirisha kidogo. Nikamwambia harufu ya samaki itatoka, na askari mwenye njaa hufuata harufu upesi kuliko anavyofuata amri. Nikaziba dirisha kwa gunia, nikaziba chini ya mlango kwa gunia jingine, tena nikayalowesha maji yashike vizuri. Kazi safi. Ningekuwa nimeifanya kiwandani, Bwana Gurdial angenisifu.

Mukene walipoiva nilijipakulia kwanza. Sahani nzima, Sauda. Naandika haya na masikio yanawaka. Nilikuwa sijala siku mbili, na nilijiambia kwamba mlinzi anahitaji nguvu. Nilipokuwa natoka niliona ndimi ndogo za buluu zikicheza juu ya mkaa, nikazipenda, zikanikumbusha ile chupa. Nikamwambia mama yako azibe tena mlango nyuma yangu, nikaenda kujilaza nyuma ya tangi la maji kuangalia barabara.

Niliporudi, mlango ulikuwa mgumu kufunguka kwa sababu mama yako alikuwa ameanguka nyuma yake. Wewe ulikuwa juu ya magunia, midomo myekundu, na kwa muda mfupi nilifurahi, nikidhani umelala usingizi wa shibe. Nilikuita. Nilikubeba, kichwa chako kikaanguka upande. Nilikuita tena kwa nguvu. Halafu nikasimama pale pale mlangoni, nimekukumbatia, nikiogopa kutoka, kwa kuwa lori la askari lilikuwa limesimama mbele ya duka.

Jaja yako alisikia nikikuita. Alipita dukani akaja mpaka nilipo, akanipora mtoto mikononi. Alinigusa. Aliweka mkono kifuani pangu akanisukuma kando, na kwa mwanamke wa umri wake na heshima yake hiyo ni fedheha ambayo mpaka leo hakuna aliyeitaja kati yetu. Akakutoa mpaka barazani, mbele ya lori, akakulaza kwenye upepo unaoshuka mlimani, akaanza kukupepea kwa shuka yake. Askari mmoja akaja na bunduki begani na godoro kichwani. Jaja yako hakipendi Kiswahili, anasema ni lugha ya bunduki, na kwangu hutuma maneno kwa Lusoga, lugha ya kwao. Siku ile alikitafuta akakipata.

"Afande, hii mutoto nakufa," alisema. "Wacha apate mpepo."

Yule askari alikutazama. Alisogea hatua moja asikuzibie upepo, kisha akaenda zake na godoro lake. Hapo ndipo nilipopata akili, nikamburuta mama yako nje. Ulikohoa, ukatapika, ukaomba maji. Mama yako aliamka baada yako, na mwezi mzima kichwa kilimuuma na alikuwa akisahau majina ya watu, hata la kwangu mara moja, na mambo ya mchana ule hayakumrudia kamwe.

Kaka yangu na mkewe waliporudi kutoka milimani waliuliza tulikula nini. Mukene. Nani alileta? Jaja. Yeye mwenyewe alikula? Hakula, alikuwa amefunga. Na wewe? Hapo, mbele ya shemeji yangu, niliona aibu kusema kwamba baba alijipakulia kabla ya mtoto wake. Nikasema sikula. Neno moja hilo. Ikaonekana walioanguka ni waliokula na waliosimama ni wasiokula, na kesi ikafungwa: samaki wa jaja wana sumu. Jaja yako alikuwa pale mlangoni. Alisikia. Alichukua kikapu chake akakimwaga jalalani mwenyewe.

Wakati ule sikujua bado, naapa. Nilijua wiki kadhaa baadaye, nikiwasha sigiri uani, nikaona tena zile ndimi za buluu na nikakumbuka neno la Bwana Gurdial. Nilisimama pale mpaka chai ikakauka. Wewe unalijua hili kuliko mimi: mkaa ukipata hewa ya kutosha, kila chembe ya kaboni inashika chembe mbili za oksijeni, na inayotoka ni ile gesi tunayoitoa puani. Hewa ikipungua, inashika moja tu. Hiyo haina moshi, haina harufu, haikwaruzi koo. Juu ya mkaa, inapokutana na hewa, inaungua kwa ulimi wa buluu. Isipopata hewa ya kutosha inatembea chumbani, inaingia kwenye damu, inakaa kwenye kiti cha oksijeni na haitaki kuinuka. Huyo ndiye mwizi. Nilimfungia ndani pamoja na mke wangu na mwanangu, nikaloweka magunia asitoroke.

Ningeweza kusema siku ile. Ningeweza kusema kesho yake. Lakini habari zilikuwa zimekwisha kufika Masese, wanunuzi walikuwa wamekwisha kumkimbia jaja yako, na kila siku iliyopita ilifanya neno lizidi kuwa zito. Na mila ilinisaidia, Sauda. Mkwe hakai na mama mkwe, hamtazami, hazungumzi naye ila kwa kupitia mtoto. Nani angeniuliza kwa nini simtazami? Nilijificha ndani ya heshima kama tulivyojificha ndani ya stoo, na nikaziba chini ya mlango.

Yeye akaacha kuuza samaki. Anauza nyanya. Akija hapa huleta sukari, hukaa sebuleni, jikoni kwa binti yake mwenyewe haingii. Na mama yako alipomwomba akupokee ukifanya kazi Jinja, unajua alijibu nini? Alisema uje, nyumba ni yako, lakini utajipikia mwenyewe.

Niliposikia hilo ndipo nilipotafuta kalamu.

Kwanza nilipanga barua hii uipeleke wewe kwake na umsomee. Ingekuwa sawa kabisa na mila, neno la mkwe linapita kwa mtoto, hakuna wa kunilaumu. Nilipoiwaza vizuri niliona ni ujanja ule ule wa kuwatanguliza wengine. Leo asubuhi nikamwambia mama yako kila kitu. Alikuwa ameshika gauni lako la manjano. Aliliweka sandukuni.

"Si mimi wa kuambiwa," alisema. "Nenda ukamwambie mwenye samaki."

Akarudi kwenye kukunja nguo. Sijui ataniambia neno jingine lini, na sina haki ya kumharakisha.

Basi ndivyo ninavyokutuma kwenye gesi, mwanangu, nikiwa nimekwambia mabaya yangu yote na bado nina furaha. Utaiona ile buluu! Siku watakapokukingia chupani, itazame kwa niaba yangu, na kwa niaba ya mzee aliyenionyesha. Watakuonyesha na mengine ambayo hutayaelewa, na watu watakuwa wanakutazama. Uliza. Ukiniona mimi kichwani mwako nikiitikia kwa kichwa, nifukuze, uliza tena. Wewe ulimuuliza baba yako jambo ambalo ukoo mzima uliliogopa, fundi wa kiwanda hawezi kukutisha.

Kesho asubuhi, basi la Jinja. Utakuwa umeshangaa kuniona napanda. Nitakupa barua hii tukiacha mji, nami nitakaa kiti cha nyuma yako, na sitasema neno mpaka umalize kusoma. Tukifika Masese nitasimama nje ya mlango wa jaja yako kama mila inavyotaka, na nitasema kwa sauti ya kufika kwa majirani kwamba siku ile nilikula mukene wake sahani nzima, kabla ya mwanangu, na walikuwa watamu, na kwamba aliyewatia sumu mke wangu na mtoto wangu ni mimi. Nitasema kwa Lusoga, hata kama nitakosea. Kisha nitaomba sahani nyingine. Asipotaka kunipikia nitarudi Mbale na njaa yangu, na Jumamosi ijayo nitakuja tena.

Mama yako nimemwambia, na jaja yako nitamwambia. Lakini wewe ndiye uliyeuliza, umesimama hapa na daftari lako, nami nikakudanganya machoni. Jibu lako ni hili. Mlango ulikuwa umefungwa, Sauda. Niliufunga mimi.

Nipo nyuma yako. Ukiwa tayari, geuka.

Baba yako